Tani Kumi na Sita za Kwenye Karatasi

Hesabu ya mashine ya haidroliki ya kufyatulia matofali ya udongo si ngumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha ufundi anaweza kuimaliza asubuhi moja. Tofali la kufungamana, lile ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umelieneza Tanzania, lina urefu wa milimita 300, upana wa 150 na kimo cha 100. Uso wake unaokandamizwa una sentimita za mraba 450. Ukitaka udongo ubanwe kwa presha ya baa 35, unahitaji nguvu ya kilonyutoni 157, yaani tani 16 hivi. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 ina eneo la sentimita za mraba 78.5, ukiisukumia oili kwa presha ya baa 200, unapata kilonyutoni 157 zile zile. Pampu inayotoa lita 15 kwa dakika itainua pistoni sentimita 20 kwa sekunde 6 na ushei. Kazi hiyo inataka kilowati 5, na ukifidia nguvu inayopotea njiani unakaribia 6, kwa hiyo unaagiza mota ya kilowati 7.5 ili usibanwe.

Hesabu hii ni sahihi, na nasisitiza hivyo kwa sababu miradi ya mashine inapolala kumekuwa na desturi ya kusema kwamba wataalamu walikaa na vitabu vyao wakasahau hali halisi. Sikubaliani na maneno hayo. Tatizo ninaloliona katika miradi ya aina hii ni kwamba hesabu inasimama mapema mno. Inafika kwenye silinda, pampu na mota, halafu mhandisi anakunja karatasi na mwandishi wa andiko la mradi anaichukua kana kwamba yaliyobaki ni mambo ya uhamasishaji na semina. Yaliyobaki nayo yana vipimo, na yangeweza kukokotolewa kwa kalamu ile ile.

Tuanze na namba inayopendwa kuliko zote kwenye maandiko, idadi ya matofali kwa siku. Kupanda kwa pistoni ni sekunde 6. Weka muda wa kushuka, kulitoa tofali na kujaza udongo mwingine, useme sekunde 20 kwa tofali moja. Hayo ni matofali 180 kwa saa, na kwa saa 8 ni 1,440. Namba hiyo inaingia kwenye jedwali la mapato, inazidishwa kwa bei ya tofali, na kikundi cha vijana kinakwenda nayo halmashauri kuomba mkopo ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Marejesho yanapangwa kwa kuitegemea namba hiyo.

Sasa tuendelee pale mhandisi alipoishia. Tofali moja lina kilo kama 8. Matofali 1,440 ni zaidi ya tani 11 za udongo kwa siku moja. Udongo huo uchimbwe, uanikwe, upondwepondwe, uchekechwe, uchanganywe na saruji, unyunyiziwe maji, usombwe kwa toroli hadi kwenye mashine, na matofali yanayotoka yabebwe moja moja hadi kivulini kwa sababu bado ni mabichi na yakigongana yanameguka. Mchanganyiko wenye saruji hausubiri. Ukishatiwa maji unatakiwa uwe umefyatuliwa ndani ya saa moja hivi. Kwa saruji ya asilimia 6, kila tofali linachukua karibu nusu kilo, mfuko wa kilo 50 unatoa matofali kama 100, na siku moja ya kazi inakula mifuko 14. Kisha matofali yamwagiliwe na kufunikwa kwa maturubai angalau siku 7, na yaachwe yakomae hadi siku 28 ndipo yafikie nguvu yake. Kikundi kinachofyatua 1,440 kila siku kwa siku 28 kitakuwa na matofali zaidi ya 40,000 uwanjani, saruji yake ikiwa imeshalipiwa, kabla ya tofali la kwanza kukomaa kabisa. Kikundi chenye watu 10, koleo chache na mtaji wa mifuko 20 kitafyatua 300, pengine 400, kwa siku, mashine iwe na tani 16 au tani 60.

Mpango si matumizi, na wazee waliosema hivyo walijua. Lakini hapa mambo yote yalikuwa yanahesabika tangu mwanzo. Uzito wa tofali ulijulikana, na uwezo wa mtu mmoja kuchekecha udongo kwa saa ungepimwa kwa siku moja kwa saa ya mkononi.

Kisha kuna udongo wenyewe. Baa 35 za kwenye mchoro zinamaanisha kitu pale tu udongo unapofaa: mchanga wa kutosha, mfinyanzi kiasi, maji ya kadiri. Ule udongo mwekundu wa milimani kunakolimwa kahawa mara nyingi una mfinyanzi mwingi, na tofali lake hupendeza siku ya kwanza kisha linapasuka linapokauka. Udongo mweusi wa mbugani unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Huo haufai kabisa. Kipimo cha kujua hali ya udongo ni cha bei ya ubao na misumari: kisanduku chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4. Unajaza udongo uliolowa, unausawazisha, unauacha juani siku kadhaa. Ukikauka unausukumia upande mmoja na kupima pengo lililobaki upande wa pili. Pengo likiwa dogo, saruji kidogo inatosha. Likiwa kubwa, utahitaji saruji zaidi au uchanganye na mchanga, na likiwa kubwa sana tafuta shimo lingine. Nimeona michoro ya mashine yenye kurasa nyingi, hadi unene wa rangi umeandikwa, lakini matokeo ya kisanduku hicho hayamo.

Unyevu nao unapimwa kwa kiganja. Chota mchanganyiko, ufinye uwe donge, unyooshe mkono usawa wa bega na uliachie lianguke kwenye ardhi ngumu. Likitawanyika kama unga, maji hayatoshi. Likibaki donge moja lililobonyea, maji yamezidi. Likivunjika vipande vinne au vitano, fyatua. Kipimo hiki kinafundishwa kwa dakika 10, ila kinatakiwa kurudiwa kila mchanganyiko unapotengenezwa, kwa sababu udongo wa saa 2 asubuhi si udongo wa saa 8 mchana baada ya jua kuuchoma.

Hayo yasipofanyika, fundi hukimbilia skrubu ya valvu ya usalama. Iko ubavuni mwa mashine, ina nati ya kuikaza, na juu yake kuna geji ya presha ambayo kioo chake kimeshashika vumbi na oili. Matofali ya asubuhi hiyo yanatoka yakiwa na pembe zinazomeguka. Kijana anayeendesha anaona mashine imepungukiwa nguvu. Analegeza nati kwa spana, anazungusha skrubu robo mzunguko, sindano inapanda kutoka 200 hadi 250. Tofali linalofuata linatoka limekaza kidogo. Anakaza nati na kuendelea na kazi, na kwa anachokiona mbele yake amefanya jambo la busara. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichopungua ni maji, au kwamba mchanga umekuwa haba tangu walipohamia upande wa pili wa shimo.

Kuanzia hapo silinda inasukuma kilonyutoni 196, robo zaidi ya zile za kwenye mchoro. Nguvu hiyo inakwenda kwenye boriti ya juu. Tuseme boriti ina sentimita 60 kati ya nguzo zake mbili. Kwa tani 16 zinazokaa katikati, hesabu ya mpindo inataka chaneli mbili za milimita 160 zikae mgongo kwa mgongo. Mkazo ndani ya chuma unakuwa megapaskali 100 hivi, na chuma cha kawaida kinaubeba bila shida. Lakini chaneli ya kipimo hicho, ikiwa kamili, ina kilo 18.8 kwa mita, yaani kipande cha mita 6 ni kilo 113. Madukani zipo chaneli zenye kimo kile kile cha 160 na unene pungufu. Ukizipima kwa tepu zinafanana, ukizipandisha kwenye mizani hazifanani. Ikiwa uwezo wake wa kuhimili mpindo umepungua kwa theluthi, na presha imepandishwa hadi baa 250, mkazo unafika karibu 190. Hapo bado sijaweka kosa la kumwaga udongo mwingi upande mmoja wa boksi la kufyatulia, ambalo linaisukuma pistoni iende mshazari na kuihamisha nguvu kutoka katikati.

Boriti haitavunjika siku hiyo. Tukishika ile namba ya andiko, matofali 1,440 kwa siku na siku 25 kwa mwezi, boriti inapinda na kurudi mara 432,000 kwa mwaka. Mshono wa kuchomelea huchoka kwa kurudiarudia namna hiyo. Ufa unaanzia kwenye shina la mshono, mwembamba kama unywele, chini ya rangi, na unaonekana pale tu kutu inapoanza kuchora mstari mwekundu. Mradi kwa kawaida umeshakabidhiwa, picha za makabidhiano zimeshapigwa, na ripoti ya mwisho imeshapokewa.

Mambo haya hayakuanzia kwetu, wala si ya vijijini peke yake. Mwaka 1849, kwenye mlangobahari wa Menai kule Wales, mhandisi Robert Stephenson alikuwa akijenga daraja la reli la Britannia. Mihimili yake ilikuwa mabomba makubwa ya chuma yenye umbo la sanduku, marefu kiasi cha treni kupita ndani, na kila moja la yale marefu lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 1,000. Yaliletwa juu ya maji kwa maboya, kisha yakanyanyuliwa kwa mashine za haidroliki zilizowekwa juu kwenye minara. Mashine zilikuwa zimekokotolewa na watu waliokuwa juu kabisa katika fani yao. Hata hivyo Stephenson alitoa agizo lililopunguza mwendo wa kazi: kila bomba linapopanda, waashi wajaze matofali na mbao chini ya ncha zake papo hapo, ili pengo lisiachwe kuwa kubwa. Agosti ya mwaka huo kitako cha silinda moja kubwa ya chuma cha kumimina kilikatika ghafla. Bomba lilishuka inchi kadhaa tu, likakaa juu ya ule ujenzi uliokuwa chini yake. Bila agizo lile lingeanguka baharini.

Agizo la kujaza matofali halikutokana na kanuni ya silinda. Lilitokana na swali ambalo kanuni haiulizi: kama namba yangu moja si sahihi, nani ataumia na kwa kiasi gani? Swali hilo linafaa kuulizwa kwa mashine ya tani 16 inayoendeshwa na kijana aliyefundishwa siku mbili, vidole vyake vikiwa karibu na boksi la kufyatulia. Kwenye orodha ya gharama, kinga ya mikono na swichi ya kuzimia haraka ndivyo vitu vya kwanza kufutwa bei ya chuma inapopanda. Visifutwe. Afadhali mashine iwe ndogo.

Historia ya haidroliki yenyewe ina funzo linalotuhusu zaidi. Kanuni ya Blaise Pascal, kwamba presha ndani ya kimiminika kilichofungiwa inasambaa sawa kila upande, ilichapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji huko Uingereza mwaka 1795. Miaka zaidi ya 130 ilipita kati ya kanuni na mashine, na kikwazo kikubwa cha mwisho kilikuwa uvujaji: ukikaza kizuizi cha pistoni hadi kisivuje, pistoni inakwama, ukikilegeza isogee, maji yanatoka. Anayesifiwa kwa kukiondoa kikwazo hicho ni Henry Maudslay, fundi aliyekuwa karakana ya Bramah, kwa kutumia kikombe cha ngozi ambacho presha yenyewe ilikibana kwenye ukuta. Presha ikipanda kinabana, ikishuka kinalegea.

Sili za leo zinafanya kazi kwa wazo hilo hilo, ila zimetengenezwa kwa mpira au poliyurethani. Na leo hii mashine nyingi za haidroliki zinazolala vijijini zimelazwa na sili, kitu kinachoenea kwenye kiganja. Vumbi la udongo unaochekechwa linaingia kwenye tangi la oili kupitia mfuniko ulioachwa wazi, linazunguka na oili, linakwaruza fimbo ya pistoni, na ule mkwaruzo unaikata sili. Oili ikipungua, mtu anaongezea ya injini kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Mchoro ulitaja oili ya daraja la 46, wakati kazi inafanyika kwenye joto ambalo mara nyingi linahitaji 68, na oili iliyokuwa nyepesi kwa joto inavuja ndani ya pampu na kupunguza nguvu. Kijana anarudi kwenye skrubu.

Dawa ya hili inaanzia kwenye hesabu ya kipenyo. Mhandisi anayechagua silinda ya kipimo ambacho sili yake inaagizwa nje ya nchi amekihukumu kikundi kusubiri. Afadhali aende kwanza kwenye mji wa karibu, aulize mafundi wa matipa na matrekta wanashughulikia silinda za kipimo gani, sili zipi zipo kwenye rafu, kisha achukue kipenyo hicho na kurudi kukokotoa presha upya. Kama kilichopo ni milimita 90, basi iwe 90, presha ipande kwa karibu robo au tofali lipungue ukubwa. Kanuni inaruhusu kuanzia upande wowote.

Kuhusu umeme nitasema machache kwa kuwa kila mtu anaujua. Mota ya kilowati 7.5 inataka umeme wa njia tatu, na nyumba nyingi vijijini zimefikiwa na njia moja. Hata panapokuwa na njia tatu, voti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu ya kuzungusha ya mota inashuka kwa karibu theluthi, kwa sababu inafuata mraba wa voti. Mota inaanza kwa shida, inapata moto, inaungua. Kupima voti jioni, watu wanapopika na kuwasha taa, ni kazi ya mita ya bei ndogo na siku chache za subira.

Baada ya kupima yote haya, mara nyingine jibu litakuwa kwamba haidroliki haihitajiki. Mashine ya mkono aliyoibuni Raúl Ramírez, raia wa Chile, katika kituo cha makazi cha CINVA huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, inakandamiza kwa mkono mrefu wa chuma na haina oili wala sili. Mashine za ukoo huo ndizo zilizofika kwetu na kufyatua matofali ya nyumba nyingi Kenya na Tanzania. Presha yake ni ndogo, baa 20 hivi. Waingereza waliwahi kuiboresha kwa kuifungia pampu ya haidroliki ya mkono, wakaiita BREPAK, ikafika baa 100, kwa matumaini kwamba udongo ukibanwa zaidi saruji itapungua. Saruji inapungua kweli, lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba akiba hiyo ya saruji ni vigumu kulipia gharama ya mashine kubwa zaidi. Kwa kikundi cha watu 10 chenye shimo moja la udongo mzuri, naamini mashine mbili za mkono na saruji iliyoongezwa kidogo zinaishinda haidroliki moja. Kwa mkandarasi wa mjini mwenye umeme wa njia tatu, fundi wake mwenyewe na soko la matofali 1,000 kwa siku, haidroliki ni chaguo sahihi, na ningemshauri asisite.

Ninachowaomba wahandisi ni kwamba msikabidhi hesabu inayoishia kwenye mota. Ongezeni kurasa za udongo, maji, saruji, watu, sili na voti, zenye vipimo vilivyochukuliwa kijijini kwenyewe, na saini zenu ziwe chini ya kurasa hizo pia. Ninyi maafisa maendeleo ya jamii mnaopitisha maombi, wekeni sharti kwamba kabla ya makabidhiano kikundi kibadilishe sili kwa mikono yao wenyewe, kwa sili waliyoinunua dukani kwa fedha zao. Na wewe mwenyekiti wa kikundi, kabla hujapokea mashine, tengeneza kile kisanduku cha sentimita 60, kijaze udongo wa shimo lenu na ukiweke juani. Ukiletewa mkataba wa kununua mashine kabla ya udongo huo kukauka na kupimwa, usiweke sahihi.